Davos: Mji Unaosoma Theluji Kila Asubuhi

Akina mama wenzangu, wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, kule kileleni Kilimanjaro, au tumeisoma katika Zaburi, Daudi anapomwomba Mungu amwoshe apate kuwa mweupe kupita theluji. Kwetu sisi theluji ni mfano wa usafi na amani. Lakini wako akina mama ambao theluji kwao ni jambo la kuamkia kila siku, kama sisi tunavyoamkia maji na kuni. Huiangalia, huipima, husikiliza habari zake asubuhi na jioni, maana theluji hiyo hiyo inayowaletea riziki ndiyo inayoweza kuwazika watoto wao. Mwezi huu nataka twende pamoja kwa akina mama hao, katika mji wa Davos, huko Uswisi.

Mji uliokuzwa na wagonjwa

Jina la Davos huenda umelisikia redioni mwezi wa Januari, viongozi na matajiri wa dunia wanapokutana huko kuzungumzia uchumi. Mkutano huo ulianza mwaka 1971. Wageni hao wakiondoka, mji hubaki na wenyewe, watu wapatao 11,000, katika bonde refu na jembamba lililo mita 1,560 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Nairobi liko juu kuliko hapo, ila Nairobi iko karibu na ikweta. Davos iko mbali sana kaskazini, na kuanzia Novemba hadi Aprili bonde lote huwa jeupe. Kulia ni milima, kushoto ni milima, na nyumba zimejipanga katikati.

Kwangu mimi muuguzi, kilichonigusa kwanza ni historia ya mji huo. Mwaka 1853 alifika hapo daktari kijana Mjerumani, Alexander Spengler, aliyekuwa amekimbia nchi yake kwa sababu za kisiasa. Aliona kwamba kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu mijini, kilikuwa adimu kwa wenyeji wa bonde lile. Akaamini kuwa hewa ya mlimani ndiyo dawa. Mwaka 1865 wagonjwa wa kwanza walikuja kukaa huko wakati wa baridi, na baada yao wakaja wengi kutoka Ulaya nzima. Walilazwa barazani wamefunikwa mablanketi, wapate jua na hewa kavu.

Mmoja wa waliofika ni Louisa, mke wa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Madaktari walimpa mama huyo miezi michache tu ya kuishi, naye akaishi hadi mwaka 1906. Mumewe alipokuwa akimwuguza alijifunza kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani zile mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni. Machi 1894 yeye na ndugu wawili wa Davos walivuka mlima kwa skii hadi mji wa Arosa, jambo lililoshangaza wengi wakati ule.

Dawa ya streptomycin ilipogunduliwa mwaka 1943, vituo vya wagonjwa wa kifua kikuu vilianza kukosa kazi, na vingi vikageuzwa kuwa hoteli. Wagonjwa wakapungua, wachezaji wa skii wakaongezeka. Siku hizi mji unaishi kwa wageni hao. Treni ya mlimani iliyokamilika mwaka 1932 huwapandisha hadi Weissfluhjoch, mita 2,662, nao huteremka kwa skii hadi bondeni.

Taarifa ya saa mbili asubuhi

Nilifika huko mwezi wa Februari, mgeni wa familia ya Kikristo yenye urafiki na usharika wetu. Mama wa nyumba ile ana watoto watatu: wawili wadogo wa shule na mmoja kijana wa miaka 17. Ni mama kama wewe na mimi. Huwakumbusha watoto kofia na glavu, huwafungia chakula, huuliza nani kaacha taulo sakafuni. Lakini kuna jambo analolifanya kila asubuhi kabla mkate haujakatwa. Hufungua simu yake na kusoma taarifa ya maporomoko ya theluji.

Taarifa hiyo hutolewa na Taasisi ya Utafiti wa Theluji na Maporomoko, ijulikanayo kwa herufi SLF, ambayo makao yake ni hapo hapo Davos. Wakati wa baridi hutoka mara mbili kwa siku, saa kumi na moja jioni na saa mbili asubuhi, katika lugha nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Kazi hiyo wameifanya tangu mwaka 1945. Nyuma ya taarifa moja fupi wako watu wapatao 200 waliofunzwa, waliotawanyika katika milima ya Uswisi, wanaotoka alfajiri kupima theluji na kutuma walichokiona. Iko pia mitambo zaidi ya 150 inayopima yenyewe upepo, baridi na kina cha theluji mahali ambapo mtu hawezi kufika kila siku. Katika uwanja mmoja wa kupimia karibu na Weissfluhjoch, kazi hiyo imefanywa tangu mwaka 1936. Hapo theluji mara nyingi hupita kina cha mita mbili.

Pale chini treni inapoanzia kuna ubao mkubwa wa matangazo. Siku moja niliyanakili yaliyoandikwa: theluji mpya sentimita 25 kwa saa 24, baridi nyuzi 14 chini ya sifuri, upepo mkali kutoka kaskazini-magharibi, njia zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Kando yake palikuwa na namba moja kubwa, 3, na taa ya njano ikiwakawaka. Watu wazima na watoto, kila mmoja aliangalia ile namba kwanza.

Namba moja hadi tano

Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zenye milima ya theluji zinatumia vipimo vya aina moja vya hatari. Namba 1 ni hatari ndogo. Namba 2 ni ya wastani. Namba 3 ni kubwa kiasi. Namba 4 ni kubwa, na namba 5 ni kubwa mno, ambayo hutangazwa kwa nadra, wakati hata barabara na nyumba za bondeni zinapotishiwa.

Sasa nikuulize, mpendwa msomaji: unadhani watu wengi hufa siku za namba gani? Mimi nilidhani ni namba 5. Sivyo. Karibu nusu ya vifo vya maporomoko nchini Uswisi hutokea siku za namba 3, ingawa siku za namba hiyo ni kama tatu tu katika kila siku kumi za majira ya baridi. Siku za namba 4 na 5 watu huogopa, njia hufungwa, kila mtu hukaa ndani. Siku za namba 3 jua huweza kuwaka vizuri, theluji ikang'aa, nyayo za waliotangulia zikaonekana mlimani, na moyo ukasema, "Mbona wenzangu wamepita salama?"

Mama mwenyeji wangu alinieleza jambo hilo tukiosha vyombo. Kaka yake alikufa akiwa na miaka 24, siku ya namba 3, katika mlima aliouzoea tangu utoto. "Dada," aliniambia, "namba nne hutufungia sote nyumbani. Namba tatu ndiyo iliyomchukua kaka yangu."

Kesho yake nilimwona akimlea mwanawe kwa jambo hilo hilo. Marafiki wa yule kijana walikuwa wamemwalika wakateleze nje ya njia zilizotengenezwa, mahali ambapo theluji haijakanyagwa na mtu. Mama hakupiga kelele wala hakukataza. Aliweka simu mezani akasema, "Nisomee kwa sauti." Kijana akasoma: theluji mpya, upepo umeirundika, hatari zaidi ni miteremko inayotazama kaskazini juu ya mita 2,000. Mama akamwuliza, "Mnakusudia kuteremkia wapi?" Kijana akataja mteremko. Akanyamaza. Baba yake naye akanyamaza, akaendelea kupaka siagi mkate wake. Baada ya muda kijana akachukua simu yake na kuwaandikia wenzake kwamba leo wabaki kwenye njia zilizotengenezwa. Walicheka kidogo, akatuambia baadaye, lakini wote walibaki.

Kwa nini theluji huporomoka?

Theluji haianguki mara moja ikaisha. Huanguka leo, kesho jua likaigusa, usiku ikaganda, wiki ijayo nyingine ikaja juu yake. Hivyo mlimani hupangana matabaka, moja gumu, jingine laini, jingine la chembechembe zisizoshikana. Jaribu hivi jikoni kwako: mwaga sukari kwenye sahani, weka juu yake chapati iliyokauka, kisha inamisha sahani polepole. Mwanzoni chapati hutulia. Ukizidi kuinamisha, yote huteleza kwa mara moja. Ndivyo ilivyo mlimani. Mteremko ukizidi nyuzi 30, yaani mkali kama ngazi za nyumba ya ghorofa, tabaka la juu linaweza kukatika na kuondoka zima zima kama ubao.

Upepo nao ni adui mkubwa. Hubeba theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Joto la ghafla hulowesha theluji ikawa nzito. Poromoko kubwa la theluji kavu linaweza kukimbia kilomita 200 kwa saa na zaidi, na hakuna mguu wala skii iwezayo kulishinda mbio.

Kwenye njia zilizotengenezwa, zenye nguzo za rangi, wako wafanyakazi wanaolinda usalama. Asubuhi za kwanza nilishtushwa na mishindo ya mbali kabla jua halijatoka vizuri. Mama mwenyeji akanieleza kwamba walinzi hao wanalipua theluji kwa baruti, ili iporomoke wakati mlima hauna watu, ndipo wafungue njia. Nje ya nguzo hizo hakuna anayelipua. Hapo mtu ni mlinzi wa nafsi yake, na katika maporomoko mengi yanayoua, aliyeyaamsha ni yule yule aliyezikwa au mwenzake waliyekuwa pamoja.

Dakika kumi

Kwa kuwa mimi ni mtu wa hospitali, niliuliza mtu hufaje chini ya theluji. Wengi hudhani ni baridi. Kwa kweli wengi hufa kwa kukosa hewa, kama mtoto aliyefunikwa blanketi usoni. Theluji iliyoporomoka hujibana ikawa ngumu, mtu hawezi kuinua hata kidole. Utafiti uliofanywa Uswisi unaonyesha kwamba waliozikwa kabisa wakafukuliwa ndani ya dakika 10, zaidi ya tisa katika kila kumi huishi. Dakika 30 zikipita, wanaoishi ni kama watatu tu katika kumi.

Fikiri juu ya dakika hizo kumi. Helikopta ya waokoaji, hata ikiruka mara moja, mara nyingi haiwahi. Anayeweza kukuokoa ni mwenzako uliyekuwa naye. Ndiyo maana kila anayekwenda nje ya njia zilizolindwa huvaa kifuani kifaa kidogo cha redio kinachotoa mawimbi, na mgongoni hubeba ufito mrefu wa kukunja wa kutafutia chini ya theluji, pamoja na koleo. Kifaa cha mmoja hutafuta cha mwenzake. Mtu akienda peke yake, kifaa chake kinamlilia nani? Watoto wa Davos hufundishwa hayo wakiwa bado wadogo.

Na anayefukuliwa akiwa baridi kabisa, moyo umesimama, waokoaji hawaharakishi kumwita maiti. Ikiwa njia yake ya hewa haikuzibwa, humpeleka hospitali kumpasha joto polepole, kwa sababu baridi huweza kuhifadhi ubongo. Imewahi kutokea mtu wa namna hiyo akarudi kuishi na wanawe.

Miaka miwili ya msiba

Watu wa milima ile hawakuzaliwa na hekima hii. Wameinunua kwa machozi. Majira ya baridi ya mwaka 1950 kuingia 1951, maporomoko yaliua watu 98 nchini Uswisi, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Kijiji kimoja kiitwacho Vals kilipoteza watu 19 kwa siku moja ya Januari 1951. Baada ya hapo taifa liliamka. Walijenga vizuizi vya chuma juu ya miteremko ili theluji isianze kuondoka. Walichora ramani zinazoonyesha mahali pasipojengwa nyumba. Walitunza misitu iliyo juu ya vijiji, maana mti hushika theluji. Hilo la misitu wazee wao walilijua zamani: watu wa Andermatt waliandika sheria ya kulinda msitu wao mwaka 1397.

Februari 1999 theluji nyingi mno ilianguka tena kwa wiki kadhaa. Safari hiyo waliokufa Uswisi kwa maporomoko yale makubwa walikuwa 17. Ni msiba, na katika nchi jirani ya Austria watu 38 walikufa katika vijiji vya Galtür na Valzur kwa siku mbili. Lakini ukilinganisha na 1951, utaona kwamba akina mama wengi hawakulia kwa sababu kuna waliopima, kuna waliojenga, na kuna waliotii walipoambiwa wahame.

Kanisa lenye kabari

Jumapili moja wenyeji wangu walinipeleka Frauenkirch, kitongoji kilicho chini kidogo ya mji, tukaone kanisa la kale. Ukilitazama kwa mbele ni kanisa la kawaida, jeupe, lenye mnara. Zunguka nyuma, upande wa mlima, utashangaa. Ukuta wake haukujengwa bapa. Umechongoka kama mbele ya jahazi, umeelekezwa mlimani, ili poromoko likija lipasuke na kupita huku na huku bila kuliangusha kanisa.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Waumini wale wa kale walikuwa watu wa sala. Hakuna ajengaye kanisa chini ya mlima kama ule asiyemtegemea Mungu. Lakini hawakusema, "Hii ni nyumba ya Bwana, theluji haitaigusa." Waliomba, na wakajenga kabari. Hawakuona kwamba mawe yale yanapunguza imani yao.

Nasema hivi kwa sababu katika kazi yangu nimewapokea akina mama waliocheleweshwa na maneno kama hayo. Mjamzito kichwa kinamuuma siku mbili, uso na mikono imevimba, macho yanaona ukungu. Anaambiwa na ndugu, "Vumilia, tunakuombea." Mpendwa, hiyo ndiyo namba 3. Bado hajaanguka kifafa, bado anatembea, jirani yake alivimba vile vile akajifungua salama. Ndiyo maana inaua. Mama mwenye dalili hizo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kanisa limwombee akiwa njiani. Vivyo hivyo mtoto mchanga mwenye homa anayekataa kunyonya. Tahadhari kabla ya hatari.

Nasi pia tunazo taarifa zetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mvua kubwa na upepo mkali kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Sisi hatuna maporomoko ya theluji, lakini maporomoko ya udongo tunayo. Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlima Hanang viliingia Katesh na vijiji vya jirani, na makumi ya watu wakafa. Mama anayelima au kuishi chini ya mteremko ana sababu ya kusikiliza redio jioni kama yule mama wa Davos. Ana sababu pia ya kuuliza nani anakata miti iliyo juu ya nyumba yake.

Katika kitabu cha Ezekieli, sura ya 33, Mungu anaeleza kazi ya mlinzi wa mji. Mlinzi akiiona hatari akapiga tarumbeta, amefanya wajibu wake. Aliyesikia akapuuza, lawama ni yake mwenyewe. Davos ina walinzi wake, wanaotoka alfajiri katika baridi kali na fimbo ya kupimia mkononi. Wewe na mimi ni walinzi wa nyumba zetu. Tusisubiri namba 5 ndipo tuamke. Chunguza leo ni namba gani kwa mtoto wako, kwa mumeo, kwa binti aliye shuleni, kwa afya yako mwenyewe. Kisha, kama yule mama mezani kwake, mpe kijana wako nafasi aisome taarifa kwa sauti yake mwenyewe. Neno alilolisoma mwenyewe atakwenda nalo hata pale ambapo mama hayupo.

Bwana awalinde walio nyumbani kwako, watokapo na waingiapo.